Pua ya kaka yangu haikudanganya

Hotuba kwa wanafunzi wa sayansi wa kidato cha tano na cha sita, pamoja na walimu na wazazi wao, Tanga

Mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu kuja hapa, na nyinyi wanafunzi ambao siku hii ni yenu: asalaam aleikum, na habari za mchana.

Nina deni kwa kaka yangu na nimekuja kulilipa mbele yenu. Tulipokuwa wadogo, mama hakuepua mchuzi wa samaki bila kuunyunyizia kotimiri, yale majani ambayo wengine wenu mnayaita giligilani na jirani zetu wa Mombasa wanayaita dania. Aliyakatakata mabichi, harufu ikajaa mpaka uani, na sisi tukakimbilia mkekani. Kaka hakukimbia. Alikuwa akiyachambua jani moja moja na kuyasogeza ukingoni mwa sahani, na siku moja akasema: "Mama, mchuzi unanuka sabuni." Alichapwa kwa neno hilo. Aliambiwa anakufuru riziki. Mimi mdogo wake nilimcheka miaka mingi, na jina la Sabuni likamganda mpaka alipooa.

Hakuwa na sababu ya kusema uongo. Alikuwa na njaa kama sisi.

Lugha yetu ina utajiri mkubwa katika jambo hili. Tunatenganisha kunuka na kunukia. Tuna shombo kwa samaki, kikwapa kwa jasho, uvundo kwa kilichooza, uturi kwa kilichokusudiwa kupendeza. Mama anayefukiza nguo kwa udi, au anayefunga kikuba cha asumini na rehani, ana elimu ya harufu mikononi mwake ambayo hakuisomea darasani. Lakini maneno yetu yanaiweka harufu kwenye kitu: samaki ananuka, asumini inanukia, basi. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba uamuzi ule unaanzia ndani ya pua, na kila mmoja aliyeketi hapa amekuja na pua yenye orodha yake ya jeni, isiyolingana na ya jirani yake.

Tuingie ndani. Ukinusa karafuu, molekuli halisi za karafuu zimekuingia mwilini. Iliyo nyingi zaidi kati yao inaitwa yujenoli. Zinapanda na hewa mpaka juu kabisa, usawa wa katikati ya macho, penye kipande kidogo cha utando laini wenye unyevunyevu. Hapo pana mamilioni ya seli za neva, na kila seli imeshusha vijinywele vyake kwenye ute. Ni mahali pa ajabu, maana neva zinazokwenda moja kwa moja ubongoni zinagusana na hewa ya nje. Kwa kuwa zinaumia mara kwa mara, mwili unaziumba upya maisha yote, jambo ambalo neva nyingine nyingi haziwezi.

Juu ya vijinywele hivyo ndipo vilipo vipokezi vya harufu. Kipokezi ni protini moja, mnyororo wa asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, 300 na kidogo. Mnyororo huo unapita kwenye utando wa seli mara saba, ukizama na kuibuka, kama uzi wa anayeshona kofia unavyozama na kuibuka kwenye kitambaa. Vipande hivyo saba vikijikusanya pamoja vinaacha katikati yao mfuko mdogo. Molekuli inayoenea humo inakigeuza kipokezi umbo. Upande wa ndani wa seli, protini nyingine inaamka, inakiamsha kimeng'enya, kimeng'enya kinatengeneza kemikali ndogo ya kupeleka ujumbe iitwayo cAMP, milango ya utando inafunguka, chaji za umeme zinaingia, na seli inapeleka habari ubongoni. Walimu wenu watawapa hatua zote na majina yake. Mimi nataka mbaki na ule mfuko, kwa sababu kisa chetu chote kimo humo.

Mpaka mwaka 1991 hakuna aliyekuwa ameipata jeni hata moja ya vipokezi hivi. Linda Buck, katika maabara ya Richard Axel pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alizitafuta kwa miaka akizikosa. Kilichomvusha hatimaye hunifurahisha kila ninapokifundisha, kwa sababu ilikuwa fikra. Alijiambia hivi: harufu ni nyingi na hazifanani, basi vipokezi lazima viwe ukoo, ndugu wanaofanana lakini si pacha. Pili, dalili zinaonyesha vinafanya kazi kama vile vipokezi vingine vinavyopita utando mara saba, basi vitakuwa na alama za kabila lile. Tatu, kazi yao ni puani, basi nivitafute katika jeni zinazotumika puani. Akasaka kitu kinachotimiza masharti yote matatu kwa pamoja, akianzia kwenye pua za panya wa maabara. Akakuta ukoo mkubwa kuliko ukoo mwingine wowote wa jeni uliojulikana kwa mamalia. Panya wana jeni takribani 1,000 za kazi hiyo peke yake. Mwaka 2004 yeye na Axel walipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba.

Na sisi je? Binadamu ana takribani jeni 20,000 zinazotengeneza protini, na karibu 400 kati ya hizo ni za vipokezi vya harufu. Katika kila jeni 50 mlizorithi kwa wazazi wenu, moja ni ya kunusa. Linganisheni na macho: rangi zote mnazoziona mchana, za kanga, za embe bivu, za bahari pale Raskazone, zinaanza na protini tatu tu. Jeni hizo 400 zimetawanyika katika kromosomu nyingi, na ya 11 ndiyo iliyobeba mafungu makubwa zaidi. Kila moja ina jina linalofanana na namba ya gari: herufi OR, namba ya familia, herufi ya tawi, namba ya mwanachama. OR7D4. OR6A2. Zikumbukeni mbili hizo.

Pembeni yake zipo nyingine, zisizopungua idadi hiyo, ambazo zimekufa. Mkienda Tongoni, hapo kusini mwa mji, mtakuta kuta za msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo. Ukitazama unajua hapa palikuwa mlango, hapa kibla, ila hakuna anayeadhini tena. Ndivyo zilivyo jeni hizo. Ukisoma DNA unatambua mara moja kwamba hapa palikuwa na kipokezi, lakini herufi imedondoka, au alama ya kusimama imejitokeza katikati ya maneno, na protini haitengenezwi. Na baadhi ya magofu haya yana jambo ambalo Tongoni haina: kwa mtu mmoja ni gofu, kwa mwenzake ni nyumba inayokaliwa.

Mtauliza, vipokezi 400 vinatosha vipi kwa harufu zisizo na hesabu? Kwanza mjue kwamba kila seli ya neva puani inachagua jeni moja tu kati ya hizo zote, tena nakala moja, ama ya baba ama ya mama. Seli zote zilizochagua kipokezi kile kile, popote zilipo, zinapeleka nyuzi zao mahali pamoja kwenye sehemu ya ubongo iliyo juu ya pua. Ni kama abiria waliotoka Ngamiani, Chumbageni na Raskazone wakakutana ndani ya basi la Lushoto kwa sababu tiketi zao ni za huko. Kisha mwaka 1999 Buck na wenzake, wakiwemo Wajapani, wakaonyesha kanuni yenyewe: kipokezi kimoja huitikia molekuli kadhaa, na molekuli moja huamsha vipokezi kadhaa. Kwa hiyo harufu haipigwi na mtu mmoja. Ni kikundi kizima cha taarabu. Fidla na kanuni bila dumbaki ni wimbo huu. Akiingia mpiga nai, ni wimbo mwingine.

Kuna molekuli iitwayo oktanoli, yenye kaboni nane, inayonukia kama machungwa na waridi. Geuza ncha yake moja tu iwe asidi, kaboni zikibaki nane zile zile, na utasikia harufu ya jasho na mafuta yaliyochacha. Wapigaji wamebadilika. Wakati mwingine molekuli haibadiliki kabisa, ni wingi wake tu: ndani ya asumini mna indoli, ikiwa kidogo ni sehemu ya utamu wa ua, ikizidi inanuka choo. Kunuka na kunukia vimo ndani ya kitu kimoja.

Sasa tumfikie kaka, ila tupitie kwanza kwa OR7D4, maana ndio ushahidi ulio wazi zaidi. Kuna molekuli iitwayo androstenoni. Imo kwenye jasho la binadamu, na kwa wingi kwa nguruwe dume. Ukiwanusisha watu, mmoja atasema ni mkojo uliolala, wa pili atasema ni tamu kama vanila, na wa tatu atakuuliza mbona chupa ni tupu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni suala la malezi. Mwaka 2007 watafiti wa vyuo vikuu vya Duke na Rockefeller nchini Marekani walionyesha kwamba kipokezi OR7D4 kinaitikia sana molekuli hiyo, na kwamba watu tunacho katika matoleo mawili makuu. Yanatofautiana kwa asidi amino mbili tu katika mnyororo mzima, ya 88 na ya 133. Toleo la kwanza linaamka. La pili karibu halishtuki. Wenye nakala mbili za toleo linaloamka, kwa wastani, huisikia harufu ile kali na chafu. Wenye lile jingine huisikia hafifu zaidi, wala haiwachukizi kiasi hicho. Asidi amino mbili! Sasa kati yao, nani mwongo?

Wala si kipokezi hicho peke yake. Uchunguzi wa mwaka 2014, uliopima mamia ya matoleo ya vipokezi katika maabara, ulikadiria kwamba watu wawili wowote wanatofautiana kiutendaji katika zaidi ya asilimia 30 ya matoleo yao. Mtazame aliyeketi kando yako. Mnavuta hewa moja.

Kotimiri nayo ilichunguzwa mwaka 2012, kwa maelfu ya watu wenye asili ya Ulaya walioulizwa kama majani hayo yana ladha ya sabuni. Waliosema ndiyo walielekea zaidi kuwa na herufi fulani ya DNA katika kromosomu ya 11, katikati ya fungu la jeni za harufu ambamo imo OR6A2. Kipokezi hicho huitikia aldehaidi, na aldehaidi ndizo zinazoipa kotimiri harufu yake. Za jamii hiyo hiyo zimo pia katika sabuni. Mimi ni mwalimu wa sayansi, lazima niseme na upande wa pili: herufi hiyo inaeleza sehemu ndogo tu ya nani anaichukia kotimiri, na mazoea ya jikoni yana nguvu yake. Kaka sijampima DNA. Lakini nilipompigia simu kumweleza haya, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe miaka yote ile nyinyi mlikuwa mnakula kitu kingine."

Nimesoma maelezo mengi ya jambo hili na sijaona lililo sahihi kuliko hilo. Mchuzi ulikuwa mmoja, sinia moja, na tulikuwa tunakula vitu viwili.

Turudi kwenye ule mfuko. Tangu jeni zilipopatikana mpaka mfuko wa kipokezi cha binadamu ulipoonekana, ilipita miaka 32. Protini hizi ni kaidi. Ukizitia kwenye seli za kawaida za maabara hazifiki kwenye utando, zinakwama ndani na kuharibiwa. Mwaka 2023 watafiti wa San Francisco na Duke walifaulu kwa kipokezi OR51E2, wakikichagua kwa makusudi kwa kuwa mwili unakitumia hata nje ya pua, kwenye tezi dume kwa mfano, na hivyo si kaidi kama wenzake. Walikigandisha ghafla katika baridi kali, wakakipiga picha kwa hadubini ya elektroni kikiwa kimeshika propionati, molekuli yenye harufu kali ya jibini. Ilionekana imefungiwa kabisa, imefunikwa pande zote, na asidi amino moja iitwayo arjinini imeishika upande wake wenye chaji. Kisha wakafanya jambo ambalo nawaomba mlikariri. Walibadilisha asidi amino moja ya ukuta wa mfuko, wakaweka iliyo ndogo zaidi. Mfuko ukapata nafasi, na kipokezi kikaanza kuitikia vizuri molekuli ndefu ambazo kabla ya hapo hazikuenea. Tofauti ya kiasi hicho ndiyo inayoweza kukutenganisha wewe na ndugu yako wa damu mezani.

Najua kuna mkono utanyooshwa kuuliza kuhusu wanyama. Tembo wa Afrika ana jeni karibu 2,000 za vipokezi vya harufu zinazofanya kazi, mara tano ya zetu na zaidi ya mara mbili ya mbwa. Hesabu hiyo ilitolewa na watafiti wa Japani mwaka 2014. Miaka saba kabla, huko Amboseli nchini Kenya, tembo walinusishwa nguo zilizovaliwa na Wamasai, ambao vijana wao huwachoma mikuki, na nyingine zilizovaliwa na Wakamba, ambao ni wakulima. Kwa zile za Wamasai walikimbia kwa kasi zaidi na mbali zaidi, na hawakusimama mpaka kwenye majani marefu. Hawakuwa wamemwona mtu yeyote. Na hapa kwetu kuna panya buku wa shirika la APOPO, wanaofunzwa Morogoro pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanaotambua kifua kikuu kwenye makohozi na baruti iliyofukiwa ardhini. Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, alinusa mabomu ya ardhini na mabaki mengine ya vita zaidi ya 100 huko Kambodia, na mwaka 2020 alipewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza. Hata hivyo msidharau pua zenu. Ile harufu ya udongo mvua ya kwanza ya masika ikidondoka hutokana hasa na jeosmini, na binadamu anaisikia ikiwa sehemu chache tu katika trilioni.

Kilichonifanya niukubali mwaliko wa leo ni mama. Mwaka 2021 alipata homa, ikaisha, na harufu ikaondoka nayo. Mwanamke aliyejua chumvi imezidi kabla hajaonja, akawa hasikii hata ubani. Alikunywa maziwa yaliyochacha. Wali uliungua jikoni naye amekaa hapo hapo. Akakonda, kwa sababu chakula kilikuwa kama kutafuna karatasi. Alipokwenda kituo cha afya akaambiwa ashukuru yu hai, harufu si kitu.

Ni kitu, tena kinaelezeka. Virusi vya korona kwa kawaida haviingii katika seli za neva za harufu, kwa kuwa hazina mlango wanaoutumia, uitwao ACE2. Vinaingia seli jirani, zile zinazozitegemeza na kuzitunza. Vurugu ya kwa jirani inazifanya seli za neva zizime jeni za vipokezi vyake. Seli inakuwa hai, ila haitengenezi tena protini yake. Mama alihitaji kuambiwa hivyo. Alihitaji pia kuelezwa mazoezi ambayo Thomas Hummel na wenzake waliyachapisha Ujerumani mwaka 2009: kunusa waridi, limau, mkaratusi na karafuu, mara mbili kwa siku, kwa wiki nyingi, kwa makini. Gharama yake ni ndogo, na karafuu tunayo. Nilimfanyisha mwenyewe, asubuhi na jioni.

Karafuu ilirudi ya kwanza. Harufu nyingine zilirudi zimepotoka, jambo linalowapata wengi wakati neva zinajijenga upya. Wapiga taarabu wamerudi jukwaani, lakini hawajatimia. Siku kotimiri iliporudi, mama alikuwa na kisu mkononi. Akaweka kisu chini, akanusa tena, akaomba simu. Kaka alipopokea, mama hakusalimu. Alisema tu, "Mwanangu, nimeisikia. Ni sabuni."

Kwa hiyo mama alinitangulia kulipa, na mimi nalipa leo. Kaka yangu ni yule aliyekaa mstari wa nyuma, karibu na mlango. Kaka, nilikucheka bila haki, na nakuomba radhi mbele ya watoto hawa.

Wanafunzi, kwenye meza zenu kuna chupa tano zilizofungwa kwa kitambaa, zenye namba moja hadi tano. Kaka ndiye aliyezijaza, na hata mimi sijui ipi ni ipi. Fungueni ya kwanza, nuseni mara mbili, fungeni upesi. Andikeni mnachosikia, na kama kinanuka au kinanukia. Asiyesikia kitu aandike hivyo hivyo, hajasikia kitu. Na tafadhali, karatasi ya jirani msiitazame.